Gari la michezo lisilo na turbo: yasemwayo na ukweli wake

Injini isiyo na turbo, yaani feni inayoendeshwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa ya ziada ndani, hupumua kwa mapafu yake yenyewe. Pistoni ikishuka, hewa ya nje huingia kwa mgandamizo wa anga tu. Petroli nayo hupimwa kwa hewa iliyoingia, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, kwa hiyo hewa isipoongezeka hakuna cha ziada cha kuchoma. Mwenye turbo akibadilishiwa programu ya kompyuta ya gari, presha inapanda na anatoka gereji akiendesha gari jingine. Sisi wa Mazda MX-5, Toyota 86 na Honda S2000 mlango huo hatuna. Isitoshe, kiwanda kilishakamua injini hizi: S2000 ya Japani ilitoka mwaka 1999 na nguvu za farasi 250 kwenye injini ya lita 2. Nguvu ya bei rahisi iliyosahaulika humo ni ndogo mno, na hapo ndipo hela nyingi hupotea.

Dhana: "Funga filta ya wazi, gari lipumue"

Boksi la filta la kiwandani huvuta hewa ya mbele ya gari, iliyo baridi. Filta ya wazi iliyofungwa chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60 za Selsiasi, uzito wake kwa ujazo uleule hupungua kwa takriban asilimia 9, na nguvu hushuka nayo. Unacholipia ni mlio.

Mimi nililipia. Wiki nzima niliamini gari limechangamka, kwa sababu sikio hulishawishi tumbo haraka sana. Kisha nikapima kwa saa: barabara ileile, gia ya tatu, kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, nikarudia mara kadhaa. Sikupata tofauti yoyote, na mchana wa jua kali gari lilikuwa zito kidogo kuliko zamani. Nilirudisha boksi la kiwandani, nikaweka filta mpya ya karatasi. Tangu hapo kila ninayemshauri namwambia apime kabla na baada ya kubadilisha, hata kama kifaa anacho tayari mkononi.

Dhana: "Ekzosi pana, nguvu nyingi." Na ndugu yake: "Injini inahitaji ukinzani kwenye ekzosi"

Zote mbili si kweli, ingawa kila moja imegusa kitu cha kweli. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzuiwa kutoa moshi. Inachohitaji ni moshi kutoka kwa mwendo wa kasi. Kila silinda ikifungua valvu ya moshi hutuma wimbi kwenye bomba, na bomba lenye upana na urefu unaofaa hutumia mawimbi hayo kunyonya mabaki ya moshi kutoka silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupunguza mwendo na mnyonyo hufifia, hasa injini inapozunguka polepole. Huko ndiko gari la kila siku linakoishi, kwenye foleni na taa za barabarani.

Kuna mahali ambapo ekzosi hulipa kweli. Toyota 86 ya kwanza ina bonde linalojulikana: katikati, karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika, nguvu ya kusokota hushuka kisha hupanda tena. Manifoldi ya moshi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) iliyosanifiwa vizuri, pamoja na programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa ajili yake, hujaza sehemu kubwa ya bonde hilo. Vyote viwili viende pamoja. Na usikubali kung'oa katalisti, kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi wa sumu, kwani nchi nyingi zinakataza, na wanaotembea kando ya barabara ndio wanaovuta moshi huo.

Dhana: "Petroli ya oktani ya juu ina nguvu zaidi"

Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia kabla ya wakati. Injini yenye mbano mkubwa, kama 12.5 kwa 1 ya Toyota 86, inaihitaji, na kompyuta yake huchelewesha cheche ikinyimwa, na nguvu hupungua. Injini iliyotengenezewa oktani 91 haipati kitu ikipewa 98. Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi wa gari vikiahidi nguvu zaidi, vingi ni taa na sakiti tu.

Dhana: "Rimu kubwa hushika barabara vizuri"

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo faida ya kweli ilipo. Kinachoshika barabara ni mpira wa tairi. Toyota 86 ilipoingia sokoni mwaka 2012, matoleo mengi yalikuja na Michelin Primacy HP, tairi ya starehe. Ukiivua tu na kuvalisha tairi za michezo za kipimo kilekile, unapata breki fupi na kona thabiti zaidi, hata mvua ikinyesha. Hakuna sehemu ya injini inayokupa hivyo kwa hela hiyo.

Rimu kubwa mara nyingi huleta uzito. Wapo wanaosema kilo 1 ya rimu ni sawa na kilo 10 za bodi. Katika kuongeza mwendo hiyo ni chumvi: hata uzito wote ukiwa ukingoni kabisa mwa gurudumu, kilo 1 huhesabika kama 2, haizidi. Lakini gurudumu zito huipa shokapu kazi ngumu kwenye matuta, na tairi inayorukaruka haishiki kitu. Ukiwa na rimu nzima za kiwandani, baki nazo, hela peleka kwenye mpira.

Dhana: "Breki kubwa husimamisha gari karibu zaidi"

Kama breki zako zinaweza kuamsha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, tayari zina nguvu kuliko tairi zinavyoweza kupokea. Diski kubwa husaidia kubeba joto unapofunga breki mara nyingi mfululizo, kwa mfano kwenye mteremko mrefu wa mlima. Kabla ya kuzinunua, badilisha mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huanza kuchemka si chini ya nyuzi 230, lakini hufyonza unyevu kadiri miezi inavyopita, na kiwango kinachokubalika kwa mafuta yenye unyevu hushuka hadi 155. Yakichemka, kanyagio huzama mpaka sakafuni. Kwa gari linaloendeshwa kwa bidii, yabadilishe kila miaka 2, usisubiri kukumbushwa.

Dhana: "Gari likishuka chini, linapinda kona vizuri"

Kukata springi ni kosa, sina lugha laini ya kulisemea. Shokapu hubaki na safari fupi, gari hutua kwenye raba za mwisho, zile zinazozuia shokapu isigonge, katikati ya kona, na mshiko hukatika ghafla. Hata springi fupi za dukani, kwenye magari yenye mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, ambapo shokapu ndiyo nguzo inayoshika gurudumu, zikishusha mno huharibu pembe za mikono ya chini (vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi), na bodi hutaka kulala zaidi upande kwenye kona. Anza na shokapu mpya zenye afya, bushi zisizopasuka, na alaimenti iliyopimwa na fundi mwenye subira.

Dhana: "Bila nguvu mpya ya injini, gari haliwezi kuondoka haraka"

Gia hukanusha. Toyota 86 ya gia za mkono ilipoboreshwa kwa mwaka 2017, uwiano wa difu, yaani gia ya mwisho kabla ya magurudumu, ulitoka 4.1 ukawa 4.3. Hiyo ni karibu asilimia 5 zaidi ya msukumo kwenye magurudumu, katika kila gia. Bei yake huonekana safarini: mahali injini ilipozunguka mara 3,000 kwa dakika, sasa itazunguka karibu 3,150, kwa mwendo uleule, na masikio yako ndiyo yatakayokaa nayo kila asubuhi.