Mawe ya moto hayanyonyi sumu mwilini

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya simu kwamba masaji ya mawe ya moto hotelini hunyonya sumu mwilini, eti ushahidi ni kuchafuka kwa maji yanayopashiwa mawe hayo moto. Si kweli. Uchafu ule ni mafuta ya kuchulia, jasho na ngozi iliyokufa. Mwombe mhudumu achovye jiwe lenye mafuta kabla halijakugusa. Maji yatachafuka vilevile. Taka za mwilini huondolewa hasa na ini na figo.

Mawe hayo, mara nyingi basalti ya volkano, hutunza joto, nalo joto hulegeza misuli. Msafiri aliyechoka hujisikia mwepesi, akadhani ametolewa kitu. Nafuu hiyo ni ya kweli. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hasa kwa wagonjwa wa kisukari: mwenye ganzi miguuni anaweza kuungua bila kuhisi.