Geji ikishuka, tabo haijafa
Gereji nyingi huamini kwamba geji ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma upepo kwenye injini; geji huonyesha presha ya upepo huo) ikisoma chini, tabo imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi sivyo. Lori la dizeli likiwa limesimama, hata ukikanyaga mafuta, mshale hupanda kidogo tu: tabo huzungushwa na moshi, na moshi wenye nguvu huja injini ikivuta mzigo. Lipime kwenye mlima, likiwa na shehena.

Bado iko chini? Anza na kampira kembamba kanakoenda kwenye geji; ufa mdogo hudanganya mshale. Kisha mipira ya intakula, yaani kipoza upepo unaotoka kwenye tabo kwenda injini: moshi mweusi, na mafuta yaliyolowa kwenye klampu, mara nyingi huonyesha upepo unavuja hapo. Inauma kuona mwenye lori akiuziwa tabo nzima kwa sababu ya klampu iliyolegea.