Kontua ni nini, na kwanini mwenye kiwanja cha mteremko Kigoma aijue kabla ya kununua maua

Kontua ni mstari unaopita kwenye ardhi sehemu ambazo zote ziko usawa mmoja. Ukitembea juu yake mlimani hupandi wala hushuki, unazunguka tu ubavuni mwa mlima. Shuleni tulichorewa kwenye ramani somo la jografia, tukakariri kwa ajili ya mtihani basi, lakini kwa mtu mwenye kiwanja Mwanga, Gungu, Bangwe au huko Mwandiga hiki ndo kitu cha kwanza kukijua, maana bustani nyingi za mjini kwetu zinakufa kwa sababu ya maji yanayoteremka, watu wanalaumu mbolea na mbegu bure.

Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi hivi mpaka wa nne, wa tano, na zile za mwanzo zinakuta udongo umekaa mkavu tangu mwezi wa sita, hauna jani la kuushika. Sasa piga hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kama bati lako ni mita 10 kwa 8 hizo ni mita za mraba 80, ikinyesha milimita 30 tu jioni moja umepata lita 2,400 zinamwagika uwanjani kwako, na hapo sijagusa ya jirani wa juu ambayo nayo yanapita kwako kwako. Maji yakishuka moja kwa moja yanazidi kasi kila hatua, na yakishapata kasi yanaondoka na ule udongo mweusi wa juu wenye rutuba kwanza, unabaki na wekundu mgumu ambao hata ukoka unakataa.

Dalili zake kila mtu ameziona. Nenda nyumba yoyote ya mteremkoni yenye miaka kadhaa uangalie chini ya ukuta, utaona rangi imeishia juu alafu chini yake mawe ya msingi yako wazi na saruji ya kati kati inamomonyoka, maana usawa wa uwanja ulikuwa pale rangi inapoishia. Chini ya bati kuna mstari wa vishimo vya matone. Mizizi ya mwembe imetoka nje. Na uwanja wenyewe umefagiliwa safi kila asubuhi, jambo ambalo naelewa kabisa chanzo chake, mtu anaogopa nyoka na uchafu, ila ufagio nao kila siku unalegeza udongo kidogo na mvua inamalizia.

Wengi wakitaka kuzuia hali hiyo wanapanga maua mistari miwili kutoka getini kupanda hadi mlangoni, inapendeza kwenye picha, lakini mistari hiyo inafuata mteremko kwaio katikati yake maji yamepata njia, msimu mmoja tu unaona kikorongo. Wengine wanamwaga zege au pevingi kiwanja kizima. Hapo maji hayazami hata kidogo, yanatoka yote kwa kasi mpaka kwa jirani wa chini, na ugomvi wa maji kati ya majirani huku kwetu unaujua ulivyo.

Dawa ni kufanya kila kitu kwa kukingama mteremko, kwa kufuata kontua: tuta, mtaro, mstari wa mawe, mstari wa maua. Maji yakifika pale yanapunguza mwendo, yanatandaa, yanaacha udongo yaliyoubeba na mengine yanazama chini.

Kuipata kontua usitumie macho, macho yanadanganya sana mlimani. Kama kuna fundi karibu muombe ule mpira mweupe wa maji wanaopimia levo. Kama hakuna tengeneza fremu ya A, miti miwili ya mita 2 hivi ifunge juu, weka mti wa kukingama katikati, alafu juu kabisa ninginiza kamba yenye jiwe. Isimamishe, weka alama pale miguu ilipokanyaga na pale kamba inapogusa ule mti wa kukingama. Geuza miguu, wa kulia uende alama ya kushoto na wa kushoto wa kulia, weka alama ya pili ya kamba. Katikati ya alama hizo mbili ndo usawa. Baada ya hapo unatembea nayo ubavuni, mguu mmoja unabaki mwingine unasogeza mpaka kamba itulie pale katikati, unachomeka kijiti, unaendelea. Vijiti vikiisha utaona mstari umepinda pinda, usiunyooshe, ndo ardhi ilivyo.

Kwenye mstari huo chimba mtaro mdogo, kina cha sentimita 30 kinatosha uwanja wa nyumbani, udongo utupe upande wa juu. Hiyo ndo njia inayoitwa fanya juu, wakulima wa Machakos kule Kenya wameitumia miaka mingi, na udongo unavyojikusanya nyuma ya tuta ardhi inakuja kuwa ngazi yenyewe. Juu ya tuta panda kitu chenye mizizi mingi na kisichoacha mwanya. Mimi ningechagua mchaichai, unashika udongo na chai unapata. Nyasi za vetiva ni kiboko zaidi, mizizi yake inashuka mita kadhaa. Mananasi pia yanafaa sana na hali ya hewa ya kwetu yanaipenda. Pasipalamu, zile nyasi za kupanda uwanjani, iache kwa pale palipo tambarare. Sehemu zilizo wazi tandaza nyasi kavu au makapi ya kukamua mawese, usiyarundike kwenye shina.

Ila karibu na nyumba mambo ni tofauti, naomba hili lisipitwe. Mita 2 au 3 za kuzunguka msingi hutaki maji yazame, unataka yaondoke, kwaio hapo udongo uinamie nje, kama sentimita 5 kila mita moja, na maji ya bati yakingwe kwenye tanki au yaelekezwe mtaroni. Mtaro wa kuhifadhi maji usiuchimbe juu ya nyumba pale mlima ulipo mkali sana, udongo ukilowa unakuwa mzito na unaweza kuteleza wote. Pale unahitaji fundi na ukuta wa kuzuia udongo, na huo ukuta lazima uachiwe vitundu vya mabomba vya kutolea maji, nyuma yake pakajazwa kokoto. Ukuta usio na vitundu maji yanausukuma kwa nyuma mpaka unapasuka.

Kazi ya kuchimba ifanye mwezi wa nane au wa tisa, miche iingie mvua zikishakaza. Alafu siku ya mvua kubwa ya kwanza chukua mwavuli utoke nje uangalie maji yanafurikia wapi, hapo ndo patengenezee mlango wa mawe ili maji yapite taratibu kwenda mtaro wa chini.