Elfu kumi ya mapema si bakshishi

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi niliyopika, hata vyakula havijafunuliwa, nilimwona mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akimkunjia kijana wangu wa kuhudumu noti ya elfu kumi kiganjani. "Bakshishi hiyo mwanangu, meza yetu usiisahau." Nilikuwa nimeshika upawa. Nikauweka chini.

Jamani. Bakshishi ni asante, na asante haitangulii kazi. Kinachotangulia kazi kina jina lake, na TAKUKURU wanalijua.

Labda watu hawajui nyuma ya pazia kukoje. Kamati ya harusi inaleta kreti za vinywaji kwa hesabu, na mtu wake wa vinywaji anasimama stoo na daftari. Kreti ya soda ni chupa 24, haizai. Meza yako ikifika bia ya nne, ujue kuna meza kule mlangoni, ya watu waliochanga kama wewe, inapiga miayo na maji ya chupa. Saa nne MC anatangaza vinywaji vimekwisha, kamati inanigeukia mimi: "Vijana wako wameiba." Hawakuiba. Mmewanunua. Kwenye bafe ni hivyo hivyo: aliyemjua mgawa kuku kaondoka na vipande vitatu, wa mwisho kwenye foleni kakuta pilau na kachumbari, kisha anakwenda kusimulia mtaani kwamba chakula changu hakikutosha.

Je, bakshishi imo kwenye bei ya sahani? Haimo. Mle mna mchele, nyama, gesi, gari na posho ya deiwaka, vibarua wangu wa siku. Si lazima utoe, michango yenyewe imeshakukamua.

Ila ukitaka kutoa, ngoja wageni waanze kutoka. Kamati iweke kwenye bahasha, itaje kiasi kwa sauti, wahudumu wenyewe wasikie. Kwa sauti! Bahasha ya kimya nimeshaiona ikiingia kwa supavaiza imenona, ikatoka imekonda. Ya kutuma kwa simu ndiyo balaa zaidi, maana inaingia namba moja tu na hakuna shahidi. Na waosha masufuria nao wahesabiwe. MC anatuzwa, matarumbeta yanatuzwa, wale wa nyuma ya ukumbi hakuna mgeni anayejua kama wapo, na saa saba usiku wanatafuta bodaboda ya Mbagala kama wenzao.

Kuhusu kugawana sawa kwa sawa, sina hakika. Ndivyo ninavyofanya, na kila mara kuna dada ananiambia, "Bosi, mimi nimebeba trei usiku kucha, yule alikuwa nje anachezea simu." Ana haki. Nilijaribu kuwazidishia wachapakazi, wiki iliyofuata wote wakagombea meza kuu na nyuma hakuna aliyetaka kwenda.

Na lipo jingine, silipendi. Posho ingekuwa nzuri, nisingekuwa naandika haya. Kamati inapobana bei ya sahani, mchele siwezi kupunguza, wageni wataona. Posho hakuna anayeiona. Napunguza hapo.

Ile elfu kumi niliirudisha kwa mzee, akaniangalia kama nimemtukana mamaye. Watu walipoanza kutoka akaja mwenyewe jikoni, akaita vijana wote, akatoa noti mbele yao.

Elfu tano.