Watu wawili chumbani: shaka la msingi ni lipi?

Ikitajwa kesi ya ubakaji hakosekani wa kusema: "Walikuwa wawili tu chumbani, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Shaka lipo, aachiwe." Sivyo.

Kuthibitisha kosa bila kuacha shaka la msingi maana yake ni kwamba, ushahidi wote ukishapimwa, mahakama haibaki na sababu yenye mashiko ya kudhani kuwa huenda mshtakiwa hakutenda. Mzigo ni wa upande wa mashtaka, na mlalamikaji akiwa mtu mzima, kutoridhia kwake ni sehemu ya mzigo huo.

Watu hulishika neno "shaka" wakaliacha "la msingi". Mwaka 1947 huko Uingereza, Jaji Denning, tena katika shauri la pensheni ya mjane wa askari, alieleza kwamba kipimo hiki hakidai uthibitisho usio na hata kivuli cha shaka. Uwezekano wa mbali, wa kufikirika tu, haumwokoi mshtakiwa. Mahakama za Tanzania zinamnukuu mpaka leo.

Kwa hiyo kauli mbili zikigongana, mahakama haisalimu amri, inazipima. Maelezo ya mshtakiwa yakiweza kuwa kweli, anaachiwa. Mlalamikaji akijipinga katika jambo zito, au akikaa muda mrefu bila kumtaja mtu anayemfahamu na hana sababu, hilo ni shaka kweli, na si dogo pale adhabu inapoanzia miaka 30. Lakini akiaminika, Sheria ya Ushahidi inaruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wake peke yake, mradi sababu za kumwamini ziandikwe.

Na hili la "mbona PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari) haionyeshi jeraha?" linaniumiza zaidi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba dalili za kupambana, kama majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kuwa hakuridhia. Mtu aliyeshikiwa panga hapambani. Wengine hukauka kwa woga, sauti isitoke. Kunyamaza huko si ridhaa.

Basi ndugu yangu, ukisikia rufaa imekubaliwa na mfungwa ametoka, tafadhali usiandike kwamba mahakama imesema dada yule aliridhia, au kwamba alidanganya. Mara nyingi imesema tu kwamba kosa halikuthibitishwa.