Je, wajua? Petroli ya premiamu haina nguvu zaidi ya ile ya kawaida

Kwenye pampu kuna petroli mbili. Moja, ya kawaida, imeandikwa 91, nyingine, iitwayo premiamu, 95 au 98, na hiyo ya pili bei yake iko juu. Wengi huichukulia namba kubwa kama kipimo cha ukali: gari litachomoka haraka, litakula mafuta kidogo, injini itabaki safi. Hata madereva wa miaka mingi huamini hivyo, na si kweli. Namba hiyo, iitwayo namba ya oktani, haipimi nguvu. Inapima ustahimilivu, yaani petroli inaweza kubanwa na kupata joto kiasi gani kabla ya kuwaka yenyewe bila kusubiri cheche ya plagi.

Imani hii ina matawi kadhaa, kwa hiyo inafaa kuikata tawi kwa tawi. La kwanza ni nishati. Lita moja ya petroli ya kawaida ina takribani megajuli 32. Lita ya premiamu ina kiasi hichohicho, tofauti ni ndogo mno, na mara nyingine premiamu ndiyo yenye pungufu. Ethanoli ni mojawapo ya vitu vinavyotumika kupandisha oktani, nayo kwa kila lita ina nishati pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo mafuta yenye namba kubwa yanaweza kabisa kuwa na nishati kidogo zaidi.

Tawi la pili ni usemi kwamba premiamu "inaungua polepole". Mwendo wa moto wake unakaribiana sana na wa petroli ya kawaida. Tofauti iko kwenye yale yanayotokea kabla moto haujafika, na hapo tutarudi.

La tatu ni usafi. Viungo vya kusafishia injini ni jambo moja, oktani ni jambo jingine. Marekani, kwa mfano, tangu 1995 sheria inataka petroli ya kila daraja iwe na viungo hivyo. Wapo wauzaji wanaoviongeza zaidi kwenye premiamu yao, kwa hiyo hoja hii si tupu kabisa, ila inategemea muuzaji, wala namba iliyo kwenye pampu haikuambii lolote kuhusu hilo. Tena kwenye injini zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mafuta hayapiti kabisa kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hayawezi kuziosha hata yawe safi namna gani.

Basi oktani inafanya nini? Shika pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mara kadhaa kwa nguvu. Pampu itapata joto, kwa sababu hewa ikibanwa hupanda joto. Pistoni hufanya kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi. Hewa iliyochanganyika na petroli hubanwa hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, wakati mwingine hata zaidi, na joto lake hupita nyuzi 350 za selsiasi kabla plagi haijatoa cheche.

Sasa fikiria uwanja wa nyasi kavu. Unawasha kona moja, moto unatembea kwa mstari hadi upande wa pili. Ndivyo petroli inavyotakiwa kuungua: moto huanzia kwenye plagi na kusambaa silinda nzima kwa muda wa milisekunde 2 au 3 hivi. Lakini moto ukiwa njiani, gesi iliyokwisha kuungua hutanuka na kuzidi kuibana ile iliyobaki kona ya mbali. Nyasi za upande wa pili zinakaangwa kabla ya moto kuzifikia. Petroli isiyostahimili huwaka yote kona ile kwa mpigo mmoja, na mawimbi ya mgandamizo hupiga kuta za silinda maelfu ya mara kwa sekunde. Mafundi husema injini inagonga. Mlio wake ni kama kokoto ndani ya mkebe, na husikika hasa ukipanda mlima kwa gia kubwa, mzunguko wa injini ukiwa chini, huku umekanyaga mafuta.

Kugonga kidogo hakuui injini. Kugonga kwingi na kwa muda mrefu hufuta tabaka jembamba la gesi isiyo na joto kali linalokinga chuma. Ndipo kingo za pistoni huanza kuyeyuka, sehemu zinazoshika ringi humeguka, na gasketi ya silinda hedi huungua.

Namba yenyewe ilitokana na kipimo cha miaka ya 1920, na bado ni kizuri kukitazama. Heptani, ambayo molekuli yake ni mnyororo ulionyooka wa kaboni 7, huwaka yenyewe upesi, ikapewa 0. Iso-oktani, yenye kaboni 8 zilizojikunja kwa matawi, ni ngumu kuivunja, ikapewa 100. Petroli ya 95 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 za iso-oktani na 5 za heptani. Haina maana kwamba ndani yake kuna vitu hivyo kwa kiasi hicho.

Wakati wa cheche nao una uzito wake. Anayemsukuma mtoto kwenye bembea husubiri bembea ifike mwisho na kuanza kurudi, ndipo asukume. Akiwahi, anaizuia. Akichelewa, mkono unakuta bembea imekwisha kwenda. Kompyuta ya gari hutoa cheche mapema, mara nyingi nyuzi 20 hadi 30 za mzunguko kabla pistoni haijafika juu, ili msukumo mkubwa uje pistoni ikiwa imeanza tu kushuka. Sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini husikiliza kugonga, na ikisikia mlio huo, kompyuta huchelewesha cheche. Kugonga kunakoma, lakini msukumo unakuja bembea imekwisha kwenda, na sehemu ya nishati inatokea kwenye ekzosi ikiwa joto tupu.

Hapa ndipo premiamu inapokuwa na kazi. Injini yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, au yenye mgandamizo mkubwa, huihitaji ili cheche isicheleweshwe. Injini iliyopangwa kwa 91 tayari inatoa cheche kwa wakati wake bora ikiwa na 91; ukiipa 98 haina pa kuitumia ile ziada.

Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko, au tafuta ukurasa wa mafuta kwenye kitabu cha gari. Kikisema premiamu ni lazima, fuata. Kikisema inapendekezwa, faida ipo ila ni ndogo: chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari ya aina hiyo mwaka 2017 na kupata wastani wa asilimia 2.7 kwenye ulaji wa mafuta na 1.4 kwenye nguvu, huku magari yakitofautiana sana. Kikitaja petroli ya kawaida peke yake, lipia ya kawaida.

Angalia pia namba imetoka wapi. Nchi nyingi hutumia kipimo cha oktani kiitwacho RON. Marekani huchukua wastani wa vipimo viwili, RON na MON (kipimo cha oktani katika hali ngumu zaidi), kwa hiyo 87 ya kwao ni kama 91 au 92 ya RON, na 91 ya kwao hukaribia 95 au 96. Mwenye gari lenye kitabu cha Marekani akisoma 91 na kujaza RON 91 anakuwa chini ya kiwango. Japani, petroli ya kawaida huanzia RON 89 na ile wanayoiita haioku huanzia 96.

Ukiweka ya kawaida kwenye gari linalotaka premiamu, usinyonye tangi. Endesha taratibu, usivute mzigo, usikanyage mafuta mlimani, kisha ongezea premiamu mapema. Nusu tangi ya 91 na nusu ya 95 huwa karibu 93.

Gari likigonga hata kwa petroli sahihi, usikimbilie kupandisha daraja. Masizi yaliyoganda juu ya pistoni hupunguza nafasi na kuongeza mgandamizo; injini inayochemka hufanya vivyo hivyo kwa joto. Kama taa ya injini imewaka na mashine ya kupimia inatoa msimbo wa hitilafu P0325, tatizo liko kwenye sensa ya kugonga au waya wake. Magari mengi huchelewesha cheche kwa tahadhari sensa ikifa, na hapo gari huwa zito na lenye ulafi hata tangi likiwa limejaa 98. Ukiibadilisha, safisha mahali inapokaa na ukaze boliti kwa kipimo cha kwenye kitabu, mara nyingi nyutoni-mita (Nm) 20 hivi, kwa sababu ikilegea au ikikazwa kupita kiasi sensa haisikii sawasawa.