Asidi na alkali zikikutana: maana ya kubatilishana

Asidi na alkali zikichanganywa, kila moja huimaliza nyingine nguvu, na hubaki chumvi na maji. Mmenyuko huo ndio kubatilishana. Chumvi hapa si ya mezani tu: asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksidi hutoa sodiamu kloridi, lakini ukitumia asidi ya salfuriki unapata sodiamu salfeti, ambayo haitiwi kwenye mchuzi.

Kazi yote hufanywa na ioni (chembe zenye chaji ya umeme) mbili. H⁺ ya asidi hushikana na OH⁻ ya alkali, yanakuwa maji. Sodiamu na kloridi hubaki zikielea. Joto nalo hutoka: sm³ 50 za kila upande, zote zikiwa na moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), hupandisha joto la mchanganyiko kwa nyuzi 6 hadi 7 hivi za Selsiasi. Ndiyo sababu asidi ikimwagikia ngozi haimwagiwi alkali. Huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye vipimo. Kinacholingana ni moli, si ujazo. Moli 1 ya asidi ya salfuriki hutaka moli 2 za sodiamu haidroksidi, kwa kuwa ina H⁺ mbili.

Maabara, pima kwa pipeti sm³ 25 za alkali, tia kwenye chupa koni, ongeza matone 2 ya methili oranji (kiashiria, yaani rangi inayobadilika kuonyesha asidi au alkali), kisha teremsha asidi kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo na bomba la kufungia) huku ukitikisa. Njano ikigeuka rangi ya chungwa, funga bureti. Ikiwa nyekundu, umepitiliza. Tuseme alkali ni sodiamu haidroksidi, na asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita imetumika sm³ 24.5: alkali ina moli 0.098 kwa lita.

Majibu mabovu mara nyingi hutokana na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, faneli iliyoachwa juu ikidondosha, au chupa koni iliyosuuzwa kwa alkali badala ya maji yaliyokenekwa. Bureti yenyewe husuuzwa kwa asidi itakayotiwa humo, la sivyo maji yaliyobaki yataizimua.

Kwa asidi dhaifu kama ya siki, methili oranji haifai, maana hubadilika kati ya pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati) 3.1 na 4.4, mapema mno. Tumia kiashiria kingine, fenolfthaleini, kwa sababu sodiamu asetati inayopatikana huacha myeyuko na ualkali kidogo, juu ya pH 7.